Boma la Samaki

Iftin, mtaa wa mjini Garissa, haukukosa watu wa kudharauliwa. Walikuwapo waliodharauliwa kwa wizi, walikuwapo waliodharauliwa kwa uvivu, na mmoja alidharauliwa kwa sababu tu aliwahi kucheka msibani. Mursal yeye alidharauliwa kwa adabu kubwa mno, kiasi kwamba mgeni asingetambua. Hakuombwa mchango.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu wa ukoo akimvunja mwenzake mkono, au gari lake likimgonga mtu barabarani, mzigo wa fidia huwa wa wote. Wazee hupita nyumba kwa nyumba, na kila mwenye mifugo hutoa mbuzi, kondoo au mtamba, kadiri ya zizi lake. Watu hulalamika, husema safari hii tumeporwa, huapa kwamba watahamia Nairobi. Lakini hulalamika kwa sauti ya juu, majirani wasikie, maana anayeombwa ni mtu. Mursal hakuwa amepata nafasi ya kulalamika tangu ukame wa mwaka wa tisini na mbili ulipommalizia ng'ombe wote. Mzee Kulow, aliyeongoza msafara wa michango, kila alipofika kwenye lango la Mursal alipunguza sauti kama anayepita nyumba yenye mgonjwa, kisha akaipandisha tena akifika lango la pili.

"Wenzako hujificha chini ya vitanda michango ikija," mkewe Saynab alimwambia. "Wewe inakukimbia yenyewe, na bado umenuna, Aabo Ikran?" Alimwita hivyo, baba yake Ikran, kwa jina la binti yao aliyeolewa Wajir.

Mursal alinuna kwa haki. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori la maji la serikali. Hakuna kijiji kati ya Garissa na Mandera ambacho hakikuwahi kulikimbilia lori lake na madumu. Alinywesha ngamia wa watu, mbuzi wa watu, hata punda wa machifu. Mshahara wake aliugeuza ng'ombe, akawaacha mikononi mwa shemeji yake nyikani, na ng'ombe hao wakafa kwa kiu wakati yeye akipeleka maji kwa ng'ombe wa wengine. Mwaka huohuo akastaafishwa. Mkekani kwa wazee, kwenye kibanda cha chai cha Alio, hawakumfukuza. Walimkaribisha, wakammiminia chai. Ila kila alipofungua mdomo kutoa neno, mmoja alitafuta sukari, na mwingine akakumbuka kiatu chake. Hilo ndilo lililomuuma, na anayetaka kuelewa habari ya samaki aanzie hapo.

Sasa, serikali yetu ina hekima zake. Mwaka wa tisini na tano ilimleta Garissa ofisa wa uvuvi, Mmeru mmoja aitwaye Peterson, na hakuna aliyejua kosa alilotenda. Alipewa ofisi yenye meza, kiti, na picha kubwa ya Ziwa Viktoria ambayo aliitazama kutwa kama mfungwa anayetazama picha ya nyumbani, ingawa ziwa lenyewe hakuwahi kulikaribia. Samaki pia hakuwa akila. Kwao alilelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe, na mara ya kwanza kuwekewa samaki mezani, chuoni, aliogopa yale macho. Wakubwa wake wa Nairobi waliuliza kila baada ya muda Garissa ina mabwawa mangapi ya samaki, naye akajibu kila mara kwamba mipango inaendelea. Jibu hilo lilipoanza kunuka, akatoka kutafuta mtu mwenye shimo.

Mursal alikuwa nalo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shimo pana alilolianza enzi za ng'ombe, akinuia kujenga birika la maji, na lililoishia kuwa mahali pa mbuzi wa jirani kuvunjika miguu.

"Mzee Mursal," Peterson akasema akiwa amesimama ukingoni, "hili shimo ni utajiri."

"Hii shimo? Hii shimo nataka kumeza mimi," Mursal akajibu kwa Kiswahili chake cha barabarani, kilichozoea kugeuza p kuwa b.

"Utafuga samaki."

Mursal alicheka kwanza, kwa sababu ni adabu kumchekea mtu wa serikali. Samaki alimjua kwa mbali. Kwao, mtu aliyekula samaki alikuwa mtu aliyekosa mbuzi, na hilo halikuwa jambo la kusemwa mbele ya wakwe. Lakini alivyozidi kufikiri ndivyo kicheko kilivyomwisha.

"Samaki nafugwa? Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi."

"Nazaa?"

"Wanazaa kushinda mbuzi."

"Na bale Nairobi, serikali nasema samaki ni mifugo?"

Peterson, ambaye angekubali hata kwamba samaki ni tembo ilmradi bwawa lipatikane, akasema ndiyo, serikali inasema hivyo. Basi Mursal akashika ile fimbo yake ya mkononi, akaipiga chini, akasema, "Leta."

Turubai la kutandika shimoni lilinunuliwa soko la Hagadera, kambini kwa wakimbizi, mahali ambapo turubai la msaada halikukosekana kwa mwenye kujua pa kuuliza. Maji yaliletwa na vikokoteni vya punda kutoka mtoni Tana. Vifaranga wa samaki walifika na gari la serikali ndani ya pipa la plastiki, wadogo kama vidole, wengine wamekwisha kufa njiani kwa joto. Mursal aliwamimina majini kwa mkono wake, akisema bismillahi. Kisha akakaa ukingoni mpaka jua likazama, kwa sababu alikuwa na mifugo tena, na hakutaka kuingia ndani.

Kosa lake lilikuwa moja tu, ila lilikuwa kubwa. Aliwachunga samaki kwa namna pekee aliyoijua. Kesho yake alikwenda kukata matawi ya mgunga yenye miba mirefu, akayaburuta mpaka nyumbani, akalizungushia bwawa boma ambalo fisi mwenye akili asingelijaribu. Akaacha kijilango, na kila jioni alikivutia tawi la miba la kufungia. Akawasha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka upande wa upepo, ili moshi ufukuze kupe na inzi. Asubuhi aliwamwagia makombo ya mkate wa anjera akiwaimbia wimbo wa kunywesha, ule ambao wachungaji huimba kisimani, ingawa wanywaji wenyewe walikuwa hawatoki majini kamwe. Siku moja Peterson alimkuta amebeba gunia la magadi, tayari kulimwaga lote bwawani.

"Mzee, hapana. Chumvi itawaua."

"Mifugo bila chumvi nakonda, Biterson. Hata mtoto najua."

"Hawa wanataka maji tu."

"Maji nakunywa kila mnyama. Chumvi ndiyo nafanya nyama." Alikubali kuliweka gunia chini, lakini kwa shingo upande, akiamini kwamba Peterson ni kijana mzuri aliyenyimwa malezi ya zizini.

Fisi hakuja. Aliyekuja alikuja mchana kweupe, tena kwa juu.

Garissa ina korongo wale wakubwa wenye kipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Hukaa juu ya mapaa na majalala wakiwa wamejikunyata kama wastaafu nje ya benki. Wengi wao walijikusanya nyuma ya ukuta wa Mursal, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ule ndipo mwanamke jirani aitwaye Fatumo alipokuwa na duka lake la nyama, na Fatumo alitupa nje vipande vya utumbo na mifupa kila siku. Mmoja wao, mwenye mguu uliopinda kidogo, alipanda ukutani, akautazama ule uzio wa miba kama mtu anayesoma tangazo la ofisini lisilomhusu, akashuka bwawani, akazamisha mdomo, akameza samaki mmoja kama kidonge. Mursal alikuwa amekaa langoni pa boma na fimbo yake, ameelekeza uso upande wa nyika anakotokea fisi.

Alipogeuka, korongo alikuwa akimeza wa pili.

Vita vikaanza. Mursal alitupa mawe, korongo akaruka mpaka ukutani na kusubiri mawe yaishe. Mursal akasimamisha sanamu ya magongo katikati ya bwawa, akaivika sare yake ya udereva na kofia yake, serikali nzima kwa kifupi. Korongo wakaiogopa mpaka adhuhuri, kisha yule wa mguu uliopinda akatua juu ya kofia na kuitumia kama kiti. Saynab alivunjika mbavu kwa kicheko nyuma ya pazia la jikoni. Mursal akatandaza chandarua juu ya maji, nguchiro wakapita chini ya miba na kukitoboa. Akaziba tundu za nguchiro, akatokea kenge mnene wa mtaroni, aliyeingia bwawani kama mwenye nyumba. Huyo Mursal alimfukuza kwa fimbo kufa kupona, na kenge akakimbilia mahali pa kwanza penye giza alipopaona, yaani duka la Fatumo. Wateja walitoka kwa dirisha. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliuacha ndani, na siku ile ikajulikana kwamba hakuwa akiuhitaji.

"Walaal Mursal," Fatumo akaja kusema, akimwita ndugu huku ameshika kiuno, "mimi nauza nyama. Wewe unafuga nini huko nyuma, mamba?"

"Nafuga mifugo. Ndege wako ndio wanaoniletea taabu."

"Ndege wangu?"

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, ila alilikalia kwanza, akaenda ofisi ya wanyamapori kujaribu njia ya serikali. Kijana aliyemkuta mezani alimsikiliza kwa upole, akamweleza kwamba korongo ni mali ya serikali, na akimpiga jiwe lingine atafungwa.

"Kama ni ya serikali," Mursal akauliza, "samaki yangu nalipa nani? Serikali?"

"Hapana, mzee. Akila anakuwa mnyama wa porini."

"Na bale mimi nabiga yeye?"

"Anakuwa wa serikali."

Mursal aliitafakari sheria hiyo njia nzima ya kurudi, akaiona imekamilika kila upande, haina pa kuingilia. Siku hiyohiyo aliporudi alikuta jike wake bora, yule mwenye pengo mkiani aliyezoea kuja ukingoni akisikia wimbo, hayupo. Korongo wa mguu uliopinda alikuwa ukutani, mfuko wa shingoni umejaa. Mursal alikaa chini kwenye mchanga. Alitaka kutukana, hakupata tusi. Alijisikia vilevile alivyojisikia shemeji yake alipokuja na ile habari ya ng'ombe, na safari hii hakukuwa na ukame wa kuulaumu.

Akavaa kofia yake ya kufuma, akatupia shali begani, akaenda kwa Mzee Kulow kushtaki.

Dai lake lilikuwa la kimila kabisa. Mnyama anayelala kwako na kula kwako ni wako, na akiharibu, unajibu wewe. Korongo walilala nyuma ya duka la Fatumo na kula utumbo wa Fatumo. Kwa hiyo walikuwa wa Fatumo. Kulow alimsikiliza huku akisugua goti. Ni mtu ambaye mtaa ukikaa muda mrefu bila ugomvi, mgongo humuuma, na mgongo ulikuwa umemuuma tangu mwezi wa mfungo. Akasema kesi itasikizwa.

Mkeka ulijaa kwa Alio kama vile kuna harusi. Mursal aliposimama kusema, hakuna aliyetafuta sukari. Alilieleza dai lake vizuri, fimbo mkononi, na akaketi.

Fatumo akainuka. "Wazee wangu, nikubali kwamba ndege ni wangu. Sawa. Kesho nitawatia kamba, nitawapeleka mnadani. Lakini kwanza Walaal Mursal aseme wamekula nini. Wamekula samaki. Tangu lini ndege akila mdudu wa majini, wanaume wakatandika mkeka? Mbu walioniuma jana nao niwaletee hapa?"

Watu walicheka mpaka chai zikamwagika. Mzee Abdow, ambaye alikuwa na ngamia wengi na subira kidogo, akasema neno lililokuwa midomoni mwa wote. "Mifugo hunywa maji. Haikai ndani yake."

"Yenu hutembea siku nzima kuyatafuta maji," Mursal akajibu. "Yangu imekwisha kufika."

Kicheko kikaisha ghafla. Kulow akajikuna kidevu, na walio karibu wakajua kwamba kesi imemnogea.

"Wanazaa?" Kulow akauliza.

"Wanazaa, adeer," Mursal akajibu, kwa neno la ami ambalo wazee huitana kwa heshima.

"Nani anawapa maji?"

"Mimi. Kwa punda."

"Wanaibwa?"

"Ndilo lililonileta."

Kulow akasogea mbele kidogo. "Na wakifa, unalia?"

Mursal akatazama kikombe chake. "Ng'ombe wangu walipokufa," akasema, "sikulia. Nilikuwa na lori la maji, watu wanasubiri. Juzi ndege alipomchukua yule jike mwenye pengo, nilikaa chini." Akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Hakuna mtu pale ambaye hakuzika mnyama mwaka ule wa tisini na mbili. Hata Abdow aligeuza uso akajidai anamwita Alio. Kwa hiyo Kulow alipotoa hukumu, aliitoa kwa sauti nzito, bila kuangalia mtu: kinachozaa, kinachonyweshwa, kinachoibwa na kinacholiliwa ni mifugo. Samaki wa Mursal ni mifugo. Ama kuhusu korongo, Fatumo hutupa, halishi, na kutupa si kufuga. Korongo ni wa Mungu. Fatumo akashinda, Mursal akashinda, na hakuna aliyelipwa kitu. Hukumu ilisifiwa sana, hasa na Kulow mwenyewe.

Mursal alikuwa ametosheka. Fidia hakuitaka kwa moyo. Alikuwa amesikia neno lile likisemwa mkekani mbele ya watu, na alijua kwamba michango ijayo lango lake litagongwa.

"Na kwa desturi," Kulow akaongeza akikunja shali, kwa mazoea ya miaka, "aliyeinuliwa na mkeka huulisha mkeka. Ijumaa tutakula kwa Mursal, kutoka zizini kwake."

Alikuwa amekwisha kulitamka ndipo akalisikia.

Wazee walitazamana. Wako waliokuwa wakihamisha kiti mlaji samaki akikaa karibu nao. Lakini ni nani angesema? Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana yeye na mkewe. Kusema alete mbuzi wa kununua ni kusema kwamba walichokiita mifugo sicho, na kwamba mkeka umedanganya mchana. Abdow aliuliza kwa unyonge kama samaki huchinjwa. Shekhe aliyekuwa pembeni akasema samaki ni halali bila kisu. Lilionekana jibu lenye kusikitisha.

Fatumo peke yake ndiye aliyefurahi. Akasema makaa na mafuta atatoa yeye.

Peterson alipopata habari alikuja mbio, viatu vimejaa mchanga. Kwake haikuwa kesi, ilikuwa ushindi wa idara nzima. Wazee wa Garissa wamekubali samaki kwa hiari yao. Tayari aliyasikia maneno hayo yakisomwa Nairobi, na baada yake kusomwa barua ya uhamisho wake. Akaleta wavu, akavua shati, akaingia bwawani kuwafundisha vijana kuvuta. Mursal alisimama juu ya ukingo akiangalia mifugo yake ikitoka majini ikirukaruka kwenye jua.

"Acha kidogo ya mbegu, Biterson," akasema.

"Nitaacha, mzee."

Lakini Kulow alikuwa ametuma mtu kusema kwamba wageni wameongezeka. Koo jirani zimesikia, nazo zimekuja kushuhudia hukumu ikitekelezwa. Wavu ukarudi bwawani. Kisha ukarudi tena.

Fatumo alikaanga nje, uani, kwa sababu Saynab alikuwa ameapa kwamba sufuria zake hazitaguswa na mnyama asiye na miguu. Saynab mwenyewe alishinda akihangaika na maji ya pipa la jikoni, akipita na ndoo huku na huku, na hakuna aliyemjali.

Sinia zilipowekwa, hakuna mkono ulionyoshwa. Wanaume wazima, wengine waliokwisha kupambana na simba kwa mkuki, walitazama samaki na samaki wakawatazama. Kulow akaokoa jahazi. "Biterson," akasema kwa Kiswahili, kwa upole wa kutisha, "wewe ndiye mwenye ofisi ya hii kitu. Anza wewe, sisi tafuata."

Uso wa Peterson ulibadilika rangi. Alitazama yale macho. Akafikiria uhamisho. Akafumba macho yake, akamega kipande, akakimeza bila kutafuna, na machozi yakamtoka. "Tamu," akasema.

"Analia kwa utamu," Kulow akawafasiria wenzake, nao wakaanza.

Walianza kwa ncha za vidole, kama watu wanaojaribu pasi ya moto. Kisha wakanyamaza. Kimya cha kwanza kilikuwa cha woga, cha pili kilikuwa cha kazi. Abdow aliondoa mwiba kinywani, akautazama kwa heshima, akauliza kwa sauti ya chini kama kile kichwa kina mtu. Kulow alichukua sahani ya pili akisema hukumu kama hii haiwezi kuthibitishwa kwa sahani moja. Koo jirani zilithibitisha kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulipogusa sahani ya shekhe kwa bahati mbaya, shekhe alikumbusha haki za jirani. Korongo walikaa ukutani mstari mzima, wakiangalia mchana mmoja tu wa wazee ukimaliza kile walichokuwa wakikiwinda wao tangu mvua, na mifupa yenyewe hawakutupiwa, kwa sababu Abdow aliifyonza.

Mursal alikula kipande kimoja. Hakikuwa kibaya. Alipokea mikono ya wote waliomshika kumshukuru, akasifiwa, akaombewa dua zizi lake lijae. Walipoondoka alikwenda nyuma akakuta maji ya matope na sanamu ya magongo imelala kifudifudi. Boma la miba lilisimama imara pande zote. Alilia, safari hii kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na foleni ya watu wanaosubiri maji.

Saynab alimwacha alie mpaka akanyamaza. Kisha akamvuta mkono mpaka jikoni, akafunua pipa lake la maji ya kunywa, lile ambalo hata mgeni hakuruhusiwa kutia kikombe. Chini kabisa, kando kando, walizunguka samaki wachache, na mmoja wao alikuwa jike aliyevimba mdomo. Peterson aliwahi kuwaonyesha: hivyo ndivyo jike abebavyo mayai.

"Baba yangu alikuwa na ngamia," Saynab akasema, akitazama kwingine. "Hakuna karamu iliyowahi kumfanya achinje mbegu. Hata ya harusi yangu." Kisha akaongeza kwamba maji yakianza kunuka yeye anahama.

Mwezi haujaisha, lori la kijana mmoja wa ukoo liliangusha kibanda cha watu sokoni na kumvunja mguu muuza miwa, na fidia ikapangwa. Mursal aliamka mapema, akavaa vizuri, akakaa ndani ya lango. Alisikia msafara ukikaribia kutoka nyumba za juu, sauti za wazee na mbuzi waliokwisha kukusanywa. Sauti zilipofika karibu zikashuka. Moyo wake ukashuka nazo. Halafu lango likagongwa.

Alikuwa Kulow, peke yake. Wenzake walibaki mbele kidogo. Alisalimia, akaulizia afya ya Saynab na ya Ikran, akaingia ndani ya lango kidogo. Chini ya shali lake kulikuwa na bakuli, amelishika kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

"Adeer," akasema kwa kunong'ona, "wale mifugo wako. Hawakubaki hata mmoja?"

"Mliwamaliza, adeer."

"Si lazima awe mkubwa. Jino langu hili siku hizi halitaki nyama."

"Na mchango?" Mursal akauliza.

"Mchango ni wa mwenye mifugo. Wewe pumzika." Kulow akasita, akalitazama bakuli. "Lakini ukiwa na mmoja tu, sema. Nitawaita wote hapa langoni, wakuombe mbele ya mtaa mzima, kwa sauti. Utakuwa umehesabiwa."

Jikoni, ndani ya pipa, kitu kilipiga maji, chubwi. Kulow alitega sikio. Saynab akatokea mlangoni pa jikoni, akarudi ndani, wakasikia kifuniko kikiwekwa, na kisha yeye mwenyewe akikikalia.

Mursal alikuwa amelingoja neno lile la kuhesabiwa tangu mwaka wa tisini na mbili. Alikuwa amechimba, amebeba miba, ameshtaki, amelisha koo kadhaa kwa ajili yake, na sasa lilikuwa limesimama ndani ya lango lake, limeshika bakuli.

"Sina mifugo, adeer," akasema. "Piteni."

Kulow aliguna, akalifunika bakuli, akatoka. Mursal alisikia sauti za wazee zikipita langoni pake kwa unyenyekevu ule ule, na kupanda tena zilipofika kwa Fatumo, na Fatumo akilalamika ili mtaa wote usikie. Safari hii alikuwa ameachwa kwa hiari yake mwenyewe, na iliuma vilevile.